Kiti cha Kijani

Shule ya Wasichana, Hallowmere
Jumatatu, 7 Machi 1831

Dada yangu mpendwa Keziah,

Leo nimetimiza miaka kumi na mitatu, na ninaapa kwamba tangu leo nitakueleza kila kitu, kiwe cha aibu au cha furaha. Nakuomba na wewe uape vivyo hivyo. Bi Prudhoe hutufundisha kwamba barua inayoficha jambo ni mbaya kuliko kutoandika kabisa, kwa sababu anayeisoma hulala usingizi akidhani anajua.

Naanza mimi. Jumatano Bi Prudhoe alisoma majina ya wasichana watakaopelekwa kuwa watumishi baada ya mavuno. Jina langu liliwekwa kwenye shamba la Bwana Stobart, kule alikotoka mwenzetu Judith mwaka jana akiwa na mkono ulioungua mpaka kwenye kiwiko. Nilimfuata Bi Prudhoe nikamwambia kwamba dada yangu anapaka rangi picha London, na kwamba atanitafutia nafasi karibu naye.

"Nafasi ipo, Thirza, au ni matumaini?" akaniuliza.

"Ni matumaini, Bi."

"Basi yafanyie kazi."

Nami nayafanyia kazi. Uliniambia kwamba bado wanakupa kupaka anga tu, kwa sababu brashi yako huvuka mistari, na kwamba anayepewa kazi ya ncha, yaani kingo na mistari myembamba, ndiye anayeweza kumleta ndugu yake mezani. Wiki hii Bi Prudhoe ametufundisha siri ya brashi. Usiifute kwenye kitambaa, kitambaa hulegeza nywele zake. Itie midomoni, uibane kidogo, kisha uivute taratibu huku ukiizungusha. Itatoka na ncha kama sindano. Kabla ya kila mstari uilambe tena. Nilijaribu kwa wino mweusi mpaka meno yangu yakafanana na ya Bwana Tull mchukuzi, lakini nilipaka jani la mwaloni bila kuvuka mstari hata mahali pamoja.

Bwana Tull anaondoka na gari lake la farasi kesho, na Alhamisi atakuwa London. Nijibu kwa gari hilo hilo likirudi.

Mdogo wako,
Thirza Maddock


Chumba cha rangi, juu ya duka la Bwana Gadsby, London
Ijumaa, 18 Machi 1831

Mdogo wangu, bibi mzima wa miaka kumi na mitatu,

Naapa. Haya, nimeapa. Nimeapa kimoyomoyo kwa sababu Mama Crouch, msimamizi wetu, ananitazama, na huyu hata kiapo angekihesabu kuwa ni kupoteza muda.

Sikukuandikia kwa gari la wiki iliyopita kwa kuwa nilitaka kwanza nijaribu uliyonifundisha. Sasa sikiliza.

Picha hutufikia zikiwa nyeusi na nyeupe, zimechapwa karatasini kwa jiwe lililochorwa. Tuko wasichana tisa kwenye meza moja, kila mmoja na rangi yake kwenye ganda la chaza. Mmoja anapaka nyekundu yake, anasukuma karatasi kwa mwenzake, naye anapaka manjano, mpaka ikifika mwisho imevaa rangi zote. Toleo la sasa ni la watu walioumbwa kwa vitu vya kazi zao. Mpishi ni masufuria mwili mzima, na vifuniko ndivyo mabega. Tabibu ana kichwa cha chupa, tumbo la kinu, na miguu yake ni yale mabomba ya kumsaidia mtu aliyefunga choo. (Hapo usimsomee Bi Prudhoe.) Nan, rafiki yangu anayepaka manjano, alicheka mpaka akamwaga ganda zima.

Lakini inayonunuliwa kuliko zote ni Mama wa Mboga. Sketi yake ni kabichi kubwa iliyofunuka, mikono ni maganda ya njegere, vidole ni karoti, pua ni figili, na kofia ni jani la saladi. Jumatatu muuza mboga wa kweli alipasua umati uliokuwa dirishani akaingia dukani na kikapu chake. Sauti yake tuliisikia huku juu.

"Nani kanigeuza kabichi?"

"Mama, huyo si wewe," Bwana Gadsby akamwambia.

"Si mimi? Na hiyo pua ya nani, ya mama yako?"

"Pua hiyo London hii wanayo watu elfu."

"Basi nipe mbili. Moja nitambandikia dada yangu mlangoni. Pua yake yeye ndiyo yenyewe."

Sasa kuhusu brashi. Nilifanya kama ulivyosema. Mama Crouch alichukua karatasi yangu akaipeleka kwenye mwanga.

"Nani kapaka ukingo huu?"

"Mimi, Mama."

"Kwa brashi ipi?"

"Hii hii ya siku zote."

"Mwongo. Nionyeshe."

Nikaitia mdomoni, nikaizungusha, nikapaka. Akauinamia mstari. "Kumbe huo mdomo una kazi nyingine zaidi ya kubwabwaja," akasema. Siku hiyo hiyo akanihamishia kwenye kiti cha kijani, karibu na dirisha! Yule Susannah aliyekikalia ameugua amerudi kwao. Na wenzangu wote wameniiga. Meza nzima sasa inalamba kama paka.

Kijani chenyewe ni kipya, Thirza. Hujapata kuona kijani namna hiyo. Kinaletwa kikiwa unga kwenye makopo, na ukikichanganya na gundi kinang'aa kama jani lililooshwa na mvua. Ladha yake ni kama kulamba kitasa cha shaba, lakini hakuna anayetuita hapa ili tuonje.

Na hili nimeliweka mwisho makusudi. Mama Crouch ameahidi mbele ya meza nzima kwamba nikimaliza picha elfu mbili za Mama wa Mboga, kiti cha anga ni chako. Elfu mbili tu. Mwambie Bwana Stobart akatafute mtu mwingine wa kuungua.

Nakutumia Mama wa Mboga mmoja aliyeharibika kiatuni.

Dada yako wa kijani,
Keziah


Shule ya Wasichana, Hallowmere
Jumatatu, 11 Aprili 1831

Dada yangu mpendwa,

Mama wa Mboga ametundikwa darasani karibu na ramani. Bi Prudhoe alimcheka, na hatukuwa tumewahi kuyaona meno yake ya nyuma. Kisha akamgeuza kuwa somo. Alisema tuisome picha hii kama tunavyosoma sentensi, kuanzia kichwani hadi miguuni, na kwenye kila kitu tujiulize kimewekwa pale kwa nini. "Mchoraji huyu hakuweka kitu kwa urembo," alisema. "Kila kitu kinatuambia jambo ambalo mtu huyu asingelisema mwenyewe." Nilikuwa wa kwanza kuona kwamba karoti za mkono wa kushoto ni fupi kuliko za kulia, kwa sababu mkono huo ndio unaokatwa na kisu. Nilisifiwa, na nikawaambia wote kwamba kijani kile ni mkono wa dada yangu.

Sasa nakueleza jambo lililoniuma, kwa kuwa tumeapa. Nilikupelekea jibini kwa gari la juma lililopita, ile ya ganda jekundu unayoipenda tangu mama yu hai. Bwana Tull anasema hukushuka kuipokea. Alishuka msichana mwenye madoa ya manjano, akasema Keziah hataki jibini, akaondoka nayo. Sijalala vizuri tangu hapo. Umenikasirikia? Au mtu wa kiti cha kijani hashuki tena ngazi kwa ajili ya jibini ya Hallowmere?

Kama nimekosea nisamehe. Umefika picha ya ngapi? Nimechora kalenda nyuma ya daftari, na kila siku nafuta picha thelathini.

Mdogo wako,
Thirza


London
Ijumaa, 3 Juni 1831

Thirza wangu,

Usinihesabie kimya changu. Jibini nilimpa Nan kwa sababu anakonda, na mimi nilikuwa nimeshiba. Kama mwandiko unayumba ni kwa sababu ya baridi ya chumba hiki. Nina mafua kidogo, ndiyo haya yanayozunguka mjini, hayana jina.

Elfu moja na mia tisa! Zimebaki mia moja. Mama Crouch ameshasugua kiti cha anga kwa mchanga na sabuni, anasema hataki mtoto wa shule atuone wachafu. Ukija lete aproni mbili, na usiwe na haraka ya kuongea na msichana wa nyekundu, ana ulimi.

Nakumbuka tulivyokuwa tukilala kitanda kimoja nawe unanipiga mateke. Sasa nakitamani kitanda hicho hata na mateke yake.

Kwa kuwa sina la kuchekesha, nimejichora. Nimefuata mtindo wa picha zetu, nikajiita Dada wa Rangi. Nimetumia rangi moja tu, iliyokuwa karibu. Nan anasema inafanana na mimi kuliko ninavyofanana mwenyewe. Icheke, kisha uifiche, usiitundike.

Keziah


Shule ya Wasichana, Hallowmere
Jumatatu, 6 Juni 1831

Dada,

Sikuicheka.

Niliketi nayo kwenye ngazi nikaisoma kama nilivyofundishwa, kuanzia kichwani. Kichwa chako umekifanya brashi kuukuu iliyobakiwa na nywele chache, na nyingine umezichora zimelala mabegani. Macho ni maganda mawili ya chaza yaliyokaribia kufungana. Vidole ni brashi, na kila kimoja umekifunga kitambaa. Sketi ni karatasi zilizoanikwa kwenye kamba, na kamba inaonekana kupitia karatasi, kana kwamba ndani hamna mtu. Tumboni umeweka beseni, la kutapikia. Mdomoni umeweka brashi, na hapo ndipo palipo na rangi peke yake. Umepaka midomo kijani, ukaishusha kooni kwa mstari mwembamba mpaka ndani ya beseni. Mstari haukuvuka mahali popote.

Uliapa kutonificha, Keziah. Kalamu yako imenificha. Baridi gani mwezi wa Juni, wakati wa joto?

Nilimpelekea Bi Prudhoe. Aliitazama kwa muda mrefu, akamshusha Mama wa Mboga ukutani, akavaa kofia yake, na tukaenda kwa Bwana Liddiard muuza dawa bila hata kuliaga darasa. Bwana Liddiard alikata kipande cha sketi ya kabichi akakitupa juu ya makaa. Harufu ya kitunguu saumu ikajaa duka zima. Akafungua mlango wa nyuma haraka.

"Nani anakula hii?"

"Hailiwi, Bwana. Wanaipaka kwenye picha."

"Mbona katika mchoro huu imefika tumboni?" akauliza, kidole kikiwa juu ya picha ya Dada wa Rangi.

Nikamweleza kuhusu brashi. Aliketi.

"Hiyo ni aseniki, binti. Mimi nawauzia watu kwa ajili ya kuulia panya, na siiuzi mpaka nijue panya wenyewe wako wapi."

Bi Prudhoe akasema polepole, "Mimi ndiye niliyewafundisha kulamba."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwandikia."

Bwana Liddiard akaanza kutuambia la kufanya.

Dada, sasa nitii mimi kama nilivyokutii wewe siku zote. Ukimaliza kusoma mstari huu iweke brashi chini. Usiimalizie hata hiyo picha iliyo mbele yako. Kunywa maziwa mengi, Bwana Liddiard anasema yanasaidia kidogo, na nawa mikono kabla ya kushika chochote. Jumamosi panda gari la Bwana Tull. Atatandika majani makavu nyuma ili ulale njia nzima. Bi Prudhoe amekupa kitanda chake, na ameshabadilisha mashuka.

Achana na hizo mia moja. Hata ikiwa imebaki moja, iache. Nitakwenda kwa Bwana Stobart na sitalalamika.

Na uwaambie wote mezani, Nan wa kwanza. Nimefunga barua hii kwa nta ya lakiri ya Bi Prudhoe ili ujue kwamba si mzaha wa mtoto.

Thirza wako


London
Ijumaa, 10 Juni 1831

Kwa Thirza, mdogo wake Keziah,

Mimi ni Nan wa manjano. Keziah ndiye aliyenifundisha herufi, kwa hiyo ukiona makosa mlaumu yeye. Alisema nikuandikie hivyo ili ucheke kwanza.

Thirza, Keziah ametutoka. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Alikuwa halali wala chakula hakikai tangu kabla ya Pasaka, lakini alitukataza tusikwambie. "Akijua hatakuja," alisema. Jumanne alipaka mpaka saa nane mchana, kisha akalaza kichwa mezani. Tulidhani anapumzika. Mama Crouch akamwambia, "Amka, binti, utaharibu karatasi," na hakuamka vizuri tena. Tabibu aliletwa. Hakupanda ngazi, alisimama chini akauliza anatapika nini, akasema ni homa ya tumbo.

Zilikuwa zimebaki picha kumi na saba. Tuko wanane, kila mmoja wetu akapaka mbili. Ile moja iliyobaki Mama Crouch aliketi akaipaka mwenyewe, na tangu niingie hapa sikuwa nimemwona akishika brashi. Kwa hiyo elfu mbili zimetimia na kiti ni chako, hakuna atakayekunyang'anya.

Barua yako ililetwa jana, ina lakiri nyekundu nzuri. Hatukuifungua. Barua ya mtu haifunguliwi na mwingine, na ya marehemu ndiyo kabisa. Msichana wa nyekundu alisema, "Na kama ina jambo?" Nikamwambia, "Jambo la Keziah ni la Keziah." Tulimwekea chini ya mikono yake ikiwa imefungwa vilevile, akaisome huko aliko. Tumemzika leo asubuhi. Mvua haikunyesha.

Mama Crouch anasema uje Jumatatu ijayo. Wewe utakaa kwenye anga, na mimi nimehamia kwenye kijani. Usiwe na wasiwasi, nafanya kama alivyonifundisha. Ladha yake mbaya, ila naambiwa mtu huzoea.

Nan Tidmarsh


Shule ya Wasichana, Hallowmere
Jumatatu, 13 Juni 1831

Nan,

Nimeandika juu ya bahasha hii kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika: KIJANI NI SUMU. USILAMBE. Nimeyaandika nje ili hata barua isipofunguliwa yasomwe. Lakini nakuomba uifungue. Ni yako. Nimempa Bwana Tull na nimemwambia asishuke ngazi zenu mpaka akuone umeivunja lakiri kwa mkono wako.

Nilichoandika katika barua mliyomzika nayo ni hiki, na nakirudia chote. Kijani kile kina aseniki. Muuza dawa wetu amekichoma mbele ya macho yangu. Hakikumuua Keziah kwa kukishika, kilimuua kwa kupita mdomoni, kidogo kidogo, kila mstari. Aliyemfundisha kulamba brashi ni mimi. Nililipata somo hilo hapa shuleni, nikalipeleka kwenu kwa furaha, naye akawafundisha ninyi. Nakueleza hili wazi ili usidhani nawalaumu kwa barua ile. Mlimheshimu. Mimi pia ningeificha chini ya mikono yake kama ningekuwa hapo na nisijue.

Tia ncha kwa kitambaa. Haitakuwa ncha nzuri, na mistari itavuka. Iache ivuke. Mwambie Mama Crouch kwamba mdogo wake Keziah ndiye aliyesema. Bi Prudhoe anamwandikia Bwana Gadsby kwa gari hili hili, na amesaini jina lake lote, na chini yake ameandika kosa lake mwenyewe.

Mimi nitakuja kwa gari la wiki ijayo, lakini siji kukaa. Nitasimama mlangoni mpaka kila mmoja wenu, wote wanane, ameniambia kwa mdomo wake kwamba amesikia. Kisha nitapenda unionyeshe alipolala, halafu tutarudi huku mimi na wewe kwa gari. Kitanda cha Bi Prudhoe bado kimetandikwa, na mashuka hayajalaliwa na mtu. Bwana Liddiard anasema kwamba mtu aliyelamba kwa siku chache anaweza kupona kabisa akiacha. Amesema "anaweza". Nimemuuliza mara tatu, na mara zote tatu amelitumia neno hilo hilo, nami nimelishika.

Sumu hii huanzia tumboni, anasema, kabla mtu hajajua kwamba anaumwa. Ndiyo maana nakupelekea jibini nyingine, ya ganda jekundu. Ile ya Aprili niliambiwa Keziah alishiba, na nikaamini.

Thirza Maddock

Bwana Tull anaondoka London Jumamosi alfajiri, na atapita kwenu kuchukua jibu. Sitaki barua ndefu, nataka jambo moja tu, na usinifiche kama alivyonificha yeye. Nan, leo umekula?